Shikamoo ya Mtani

Kwa miaka kumi na sita Fausta Yordani hakuwahi kumwambia Hiza neno la heshima, na Hiza naye hakuwahi kulidai. Angelidaije? Fausta ni Mnyamwezi, mjukuu wa mkata mkonge aliyeletwa Ngombezi enzi za mkoloni, na Hiza ni Mzigua wa Kwaluguru, kule Handeni. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu mababu wa mababu. Mtani humsalimu mtani wake kwa kumtukana, na asiyetukanwa ajiulize amekosa nini.

Pale Manundu, mjini Korogwe, walikuwa wamegawana baraza moja. Upande wa kulia Fausta na jiko lake la mkaa, chai na vitumbua. Upande wa kushoto Hiza na cherehani yake nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, ambayo marehemu baba yake aliuza ng'ombe wawili ili aipate. Asubuhi yao ilianza hivi:

"Umeamkaje, mtumwa wangu?" Fausta anauliza huku anapepea mkaa.

"Salama, mchukuzi wangu. Babu yako alikuja huku na mzigo kichwani, mpaka leo hamjaambiwa mtue?"

"Tutue wapi, na Wazigua mmelala njia nzima?"

Wateja walikuja kwa ajili ya vitumbua, wakakaa kwa ajili ya matusi. Na baba yake Hiza alipofariki, Fausta alifunga safari mpaka Kwaluguru, akavaa koti la marehemu, akachechemea ua mzima vilevile alivyokuwa akichechemea mwenye koti, kisha akakaa mlangoni akagoma, jeneza halitoki mpaka apewe jogoo. Wafiwa walicheka huku machozi yanawatoka. Anayeona huo ni utovu wa adabu, basi hajawahi kufiwa akiwa na watani.

Sasa, Jumatatu moja Fausta alikuja na tusi jipya, amelitunga njia nzima. Akamwambia, "Hiza, jana nimemwona mbuzi amevaa kanzu uliyoshona. Alipojitazama kwenye dimbwi akaivua kwa aibu."

Hiza hakuinua hata uso kutoka kwenye simu yake. Akajibu, "Sawa, dada."

Sawa, dada! Fausta aliacha vitumbua vitatu vikaungua. Mtu anaweza kuwa na homa, anaweza kuwa na msiba, lakini Mzigua kumwita Mnyamwezi dada mbele ya wateja, hapo pana jambo. Tangu siku hiyo akaanza kumwangalia, na mwanamke anayekaa hatua tatu kutoka kwako kutwa nzima akiamua kukuangalia, huna pa kujificha.

Aliyoyaona hayakumpendeza. Hiza alikuwa anakwenda chooni na simu, anakaa humo mpaka watu wanagonga mlango. Akirudi, ama ana furaha ya bwana harusi, ama ana uso wa mtu aliyetoka kuzika. Mchana hali chakula. Ukimsemesha, anashtuka. Alimshonea mwalimu Getruda sketi yenye mifuko miwili, yote upande mmoja. Na kulikuwa na hili la Finlandi. Mteja mmoja alilalamika kwamba Handeni mvua imekatika, mahindi yatakauka, na Hiza, ambaye mkewe yuko shambani hukohuko, akasema hana habari. Lakini kabla mteja hajanyanyuka, Hiza akamweleza kwamba Finlandi leo kunanyesha vibaya sana, uwanja umelowa, na kwenye uwanja uliolowa wanawake wa timu ya ugenini hawafungi.

"Wewe una ndugu Finlandi?" Fausta akauliza.

"Watu tunafuatilia dunia, mchukuzi wangu," Hiza akasema, na simu akailaza kifudifudi mapajani.

Halafu vitu vyake vikaanza kuharibika. Kwanza saa ya mkono. Iko wapi? Imekwenda kwa fundi. Wiki ya pili redio ya barazani, iliyokuwa ikiwapa taarifa ya habari wote wawili. Imekwenda kwa fundi. Kisha baiskeli. Nayo kwa fundi.

"Huyo fundi ni nani?" Fausta akauliza. "Ana saa yako, anasikiliza redio yako, anapanda baiskeli yako. Bado kidogo atamuoa Mwaija."

Wateja walicheka. Hiza naye alicheka, lakini alicheka akiwa amechelewa, kama mtu aliyesukumwa kiwiko.

Fausta alitaka sana kuamini mafundi wote wa Korogwe wamezembea. Lililomvunja moyo ni soda. Ijumaa moja Hiza alitoka chooni mbio, akainua mikono juu, akaagiza soda kwa watu wote wa barazani, hata kwa mkusanya ushuru ambaye hajawahi kujibu salamu yake. "Kunyweni," alisema. "Leo ni leo, na kesho ni zaidi." Watu wakanywa. Fausta naye aliishika chupa yake, ikamshinda kunywa. Mawazoni akamwona baba yake, mzee Yordani, anaingia kwenye chumba chao cha kambini Ngombezi na mikate minne na kilo ya sukari, anaimba, anawarusha watoto juu. Alikuwa ameshinda karata. Wiki iliyofuata wanaume wawili walikuja kuchukua kitanda. Fausta alikuwa na miaka tisa, na mpaka leo hapendi mtu anayegawa vitu kwa furaha bila sababu.

Basi akamkabili. Akangoja wateja wapungue, akasogeza kigoda. "Hiza, unacheza kamari. Hizo mechi za kwenye simu zimekushika."

"Na wewe vitumbua vyako vimekushika," Hiza akasema. "Mwili wote huo."

"Sikutanii."

"Mnyamwezi hatanii? Basi leo mkonge utaota ndizi."

Na hapo ndipo Fausta alipogundua shimo aliloingia. Kwa miaka kumi na sita alikuwa na ruhusa ya kumwambia Hiza neno lolote chini ya jua, na sasa, kwa sababu hiyohiyo, hakuna neno lake hata moja lililokuwa na uzito. Akamweleza mwalimu Getruda, mwalimu akacheka. Akamweleza imamu aliyekuja kuchukua kanzu yake, imamu akatabasamu akasema watani nyinyi Mungu anawaona. Kadiri alivyokunja uso ndivyo watu walivyomsifu kwamba siku hizi amezidi ufundi.

Alhamisi Hiza akasema, huku akijifanya anatafuta mkasi, "Jumamosi cherehani inakwenda Handeni. Kwa fundi."

Fausta akageuka kuitazama. Mtu huyu huifungua cherehani hiyo kwa bisibisi, akaipaka mafuta, akaifunga tena huku anasimulia hadithi. Hajawahi kumpelekea fundi hata sindano. Ile ndiyo iliyosomesha watoto wake, ndiyo iliyomnunulia Mwaija mbegu kila msimu, ndiyo iliyobaki ya marehemu. Ikipanda pikipiki Jumamosi, haitarudi, na Hiza atabaki na simu yake na mvua ya Finlandi.

Ijumaa hakuwasha jiko. Alipanda gari la Handeni, kisha pikipiki, akafika Kwaluguru watu wameshatoka msikitini. Akawakuta uani wanapukuchua mahindi: Mwaija mke wa Hiza, Semboja kaka yake Hiza, na bibi yao, mama wa marehemu, aliyekaa kwenye mkeka amekunja miguu.

"Mwaija," Fausta akasema kabla hajakaribishwa, "nimekuja na habari mbaya. Mumeo anacheza kamari."

Mwaija akadondosha gunzi. "Bibi, mtani amekuja," akasema, na kicheko tayari kimeshamjaa mashavuni. "Njooni jamani, mtani wetu amefika."

"Ameuza saa. Ameuza redio. Ameuza baiskeli."

"Na mimi nimeuzwa kwa bei gani?" Semboja akauliza.

"Kesho anauza cherehani ya marehemu baba yenu. Nisikilizeni. Ipo kwenye baraza leo, kesho haipo."

Semboja ilibidi ashike nguzo ya banda. Majirani walichungulia juu ya ua, wakaambiwa ni yule Mnyamwezi wa jogoo, wakaingia ndani wote. Fausta alieleza habari za chooni, wakacheka. Akaeleza sketi ya mwalimu, Mwaija akajipiga mapaja. Mwisho uchungu ukamzidi, akakaa chini kwenye maganda ya mahindi akalia, kilio cha kweli, kamasi na kila kitu.

Bibi akamtazama kwa makini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu amekua," akasema. "Siku ile ya msiba hakulia vizuri hivi."

Wakampa kuku. Tetea mweupe, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, asante ya kuwachekesha wakati wa kazi. Mwaija ndiye aliyemsindikiza mpaka njiani, bado anajifuta macho kwa upande wa kanga. Walipofika kwenye pikipiki akasita kidogo.

"Lakini mtani, baiskeli haipo kweli?"

"Haipo, Mwaija."

"Maana hajaja miezi miwili. Anasema kazi ni nyingi." Mwaija akacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa kifupi, na alibaki amesimama pale njiani mpaka vumbi lilipotulia.

Fausta alirudi Korogwe na kuku mapajani. Katika watu wote aliowaeleza siku hiyo, kuku peke yake ndiye aliyemsikiliza bila kucheka. Alikuwa na hasira na Hiza, ana hasira na Wazigua wote na mahindi yao, lakini hasira kubwa ilikuwa juu yake mwenyewe. Matusi yake yote yalikuwa yameisha makali. Akawaza mpaka gari likavuka daraja, na hapo akaona kwamba amebakiwa na kitu kimoja tu, kitu ambacho hajawahi kukitumia kwa Mzigua yeyote tangu azaliwe.

Jumamosi asubuhi cherehani ilikuwa imeshang'olewa kwenye meza yake. Kichwa kilikuwa ndani ya gunia, na Hashim, dereva wa bodaboda mwenye mvi na watoto wanne, alikuwa anakaza mpira wa kufungia mizigo. Hiza alikuwa anamhimiza. Alikuwa amevaa shati safi na alikuwa anaongea haraka na kila aliyepita. Watu walipomwona Fausta anakuja, wakasogea. Mwalimu Getruda alifunga mwavuli ili asikie vizuri.

"Amefika," Hashim akasema. "Mzigua, jiandae."

Fausta aliweka kuku chini. Akakaza kanga kiunoni, akasogea mpaka mbele ya Hiza, ambaye ni mdogo kwake kwa miaka saba, akapiga magoti yote mawili mavumbini. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mzee Hiza," akasema.

Watu wakangoja. Mmoja alianza kucheka mapema, akajizuia ili asiharibu. Wakaendelea kungoja. Fausta hakuinuka wala hakuongeza neno.

"Haya, malizia," Hiza akasema, na tabasamu lake lilikuwa limeanza kuchoka.

"Nimalizie nini, baba?"

"Usiniite baba. Malizia utani wako, pikipiki inangoja."

"Sina utani na wewe. Mtani wangu alikuwa Hiza, fundi wa baraza hii. Huyu aliyesimama hapa simfahamu, na mtu usiyemfahamu unamsalimu kwa adabu." Bado alikuwa ametazama chini. "Shikamoo, mzee wangu. Safari njema."

Kuna jibu moja tu la shikamoo, na kila mtu pale alilijua, mpaka watoto. Hiza alifungua mdomo, marahaba haikutoka. Akamtazama Hashim, Hashim akatazama tairi lake. Akamtazama mwalimu, na mwalimu, ambaye sketi yake alikuwa ameivaa hivyohivyo na mifuko yake ya upande mmoja, hakuwa anacheka tena.

"Fausta, inuka," akasema kwa sauti ndogo. "Watu wanaangalia."

"Waangalie. Hata baba yangu walimwangalia, siku kitanda kinatolewa."

"Inuka, nakuomba. Nitukane kidogo tu."

"Siwezi. Wewe ni mgeni."

Ndipo Hiza akakaa chini, palepale, shati safi na yote. Alikaa kwenye vumbi mkabala na Fausta, watu wazima wawili kama watoto wanaocheza mdako. Akasema hakuna fundi Handeni. Kuna mnunuzi. Akasema hakutaka utajiri, alitaka tu kurudisha yale ya saa, halafu ya redio, halafu ya baiskeli. Cherehani ingerudisha yote kwa mpigo, kwa sababu Jumapili kuna mechi ambayo haiwezi kukosea, halafu angeacha kabisa.

"Baba naye alikuwa anarudisha," Fausta akasema. "Alirudisha mpaka tukalala sakafuni." Sasa alikuwa ameinua uso, na alikuwa analia, na hakuna aliyemsifu kwamba analia vizuri.

Akatoa simu yake akampigia Mwaija. Aliposikia tu sauti ya Fausta imejaa machozi, Mwaija akaanza kucheka. Watu wote barazani walikisikia kicheko chake kwenye simu. Fausta hakujibizana naye. Alimkabidhi Hiza simu.

Hiza akaiweka sikioni. "Mwaija, ni mimi. Mtani alikuwa anasema kweli. Yote aliyowaambia."

Kicheko kikakatika. Barazani kuku alisikika akikwangua vumbi kwa miguu yake iliyofungwa. Halafu Mwaija akauliza swali moja tu, kama cherehani bado ipo, na Hiza akageuka kulitazama gunia ndipo akaweza kujibu kwamba ipo.

Mwaija alifika jioni ileile pamoja na Semboja. Yaliyosemwa ndani ya nyumba ni yao, nami si mtu wa kutega sikio madirishani. Ninachojua ni kwamba ile simu ya kioo kipana iliondoka na Mwaija, pamoja na laini yake, na Hiza akabakiwa na kitochi cha kupigia na kupokea. Semboja alimwomba Fausta msamaha kwa ajili ya kicheko cha Ijumaa. Alitaka pia kumrudishia heshima yake kwa kumwongezea jogoo. Fausta akamwambia jogoo anampokea, ila Mzigua kuomba msamaha ni ishara ya mwisho wa dunia, asirudie.

Cherehani ikarudi mezani. Lakini usidhani mambo yaliishia hapo, maana kamari haitoki kama jino. Hiza alikuwa anakaa kazini mkono wa kulia unatafuta simu mfukoni, haipo, unarudi kwenye kitambaa. Saa za mechi za mchana alikuwa anatoka jasho. Na kila asubuhi, kabla hajakaa, alikuwa anasimama mbele ya jiko la Fausta anangoja. Fausta alimkagua uso, macho, mikono, kama anayenunua samaki. Akiridhika, alimtukana. Hiza alipumua, akaenda kushona.

Mwezi wa pili tangu hapo, Alhamisi, Hiza alikuja anapiga mluzi. Alisalimia watu kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Alimsifia mwalimu Getruda sketi ileile aliyoiharibu. Kisha akasema kikombe cha chai cha mkusanya ushuru leo ni juu yake.

Fausta akatua mwiko. Akafuta mikono, akakaza kanga, akazunguka jiko. Hiza alipoona magoti yake yanaanza kukunjika, mluzi ukamfia mdomoni.

"Shikamoo, Mzee Hiza."

Hiza akainama, akavua kiatu cha kushoto, akatoa kwenye soksi kikaratasi cha kibanda cha kubeti, kimekunjwa mara nne, mechi sita, zote za usiku ule. Akakiweka juu ya mkaa. Wote wawili wakakiangalia kikijikunja.

"Kilikuwa cha mwisho," Hiza akasema.

"Baba yangu alikuwa na vya mwisho vingi."

Hiza alivaa kiatu chake, lakini hakuenda kwenye cherehani. Alisimama mbele ya jiko mikono imening'inia, anangoja. Fausta akamwacha angoje mpaka karatasi ikawa jivu, na jivu akalipuliza.

"Unangoja nini hapo, mtumwa wangu?" akasema. "Mwalimu wa watu ana mwezi wa tatu anatembea upande kama kaa kwa ajili ya mifuko yako. Nenda ukamshonee sketi nyingine."

Hiza akaenda, akakaa, akakanyaga.